Magoti ya Mdakaji

Kwa miaka kumi na moja nililipwa kuchuchumaa. Nilikuwa mdakaji wa besiboli, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni, anadaka mpira, anainuka, anachuchumaa tena, mpaka jua linazama. Hapa Brussels, ambako watu wanajua soka tu, nilichoka kueleza. Shangazi zangu waliamini hadi mwisho kwamba mimi ni kipa wa akiba.

Juma lile la mwezi wa pili sikuweza kutulia. Daktari wa hospitali ya Woluwe alikuwa ameniambia gegedu la goti la kulia limekwisha, na nikicheza msimu mmoja zaidi nitatembelea fimbo kabla ya kufika arobaini. Mkataba mpya wa klabu yangu ya Uholanzi ulikuwa mfukoni, ukisubiri saini yangu hadi Ijumaa. Habari ya goti sikumwambia mtu. Nilishuka metro kituo cha Porte de Namur, nikatembea barabara ya Chaussée d'Ixelles nzima, nikarudi, nikaenda tena, nikichechemea na kujidanganya kwamba viatu ndivyo vibaya. Kila mtu aliyekaa kwenye benchi kwa raha zake alinitia hasira.

Alhamisi nilikula kwa mama. Mama anafanya kazi katika nyumba ya wazee, na kwake hakuna anayeondoka bila maombi, tena ya kupiga magoti. Tangu tulipokuwa Bukavu, kwetu Kongo, iko hivyo. Miezi kadhaa nilikuwa naomba nimesimama, nikisingizia haraka. Siku ile aliniangalia tu, nikaona aibu, nikashuka chini.

Aliomba kwa kirefu. Alipofika kwenye mkataba wangu alipandisha sauti. Tukasema amina, yeye akainuka. Mimi sikuweza. Nilijaribu mguu mmoja, nikajaribu mwingine, nikajifanya bado naomba.

Hakudanganyika. Alikuja nyuma yangu, akapitisha mikono chini ya makwapa yangu.

"Shika kiti. Usivute shingo yangu. Un, deux, trois."

Nikainuka. Aliyafanya hayo bila kufikiri, kama anavyowainua wazee wake kila asubuhi. Kisha akatambua kwamba safari hii amemwinua mwanawe, akaketi.

"Hii iko tangu wakati gani?"

"Tangu saison iliyopita, maman."

"Na miye niko naomba Mungu akuongezee mwaka ingine! Donc, piga simu. Leo, hapa mbele yangu."

Nilimpigia kocha nikiwa nimesimama jikoni, mama akinitazama. Kocha alinisikiliza nikimweleza kwamba sitasaini, akasema pole, pole ya kweli, sikatai. Kisha akauliza kama kuna mdakaji mwingine ninayemjua, mwenye magoti mazima, anayeweza kuanza mwezi ujao.

Nilimchukia kwa moyo wote. Yupo, nikamwambia, na nikaanza kumtajia namba yake ya simu.