Tundu za Pua ya Binti Yangu

"Malizeni yote kwa mara moja," nilimwambia daktari, na binti yangu alikuwa bado hajafungua mdomo. Ningepewa siku moja tu ya kuirudia, ningeichagua ile, na ningenyamaza.

Tulikuwa Dar es Salaam, mbali na kwetu Bangwe, Kigoma. Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Gungu, alikuwa ameanguka na bodaboda, pua ikavunjika na mfupa ukaunga upande. Alitaka inyooshwe, na kwa kuwa itafunguliwa, ncha nayo iinuliwe kidogo. Hilo alilitaka mwenyewe, sina ugomvi nalo. Suala la tundu alilileta daktari, mama mmoja mpole.

"Zinaweza kupunguzwa palepale," alisema. "Nakata kipande chembamba huku na huku. Lakini ncha ikiinuka, tundu hubadilika zenyewe. Wengine husubiri mwaka mzima, uvimbe uishe, ndipo waamue. Nikishakata, sina cha kurudishia."

Ndipo nikasema nililosema. Binti akanigeukia.

"Baba, mimi naona tusubiri."

"Tusubiri halafu turudi? Tupande treni tena, safari yote ile, kwa ajili ya tundu?"

Daktari akacheka. "Mzee, tundu zenyewe si zako."

"Ni za bibi," binti akasema. "Hizi ni za bibi kabisa."

Kweli. Mama yangu alizaliwa Ilagala, na pua yake ilikuwa pana, imetulia usoni kama mtu aliyekaa kwake. Nyumbani tuliiita pua ya Ilagala, tukicheka, naye akicheka pamoja nasi huku amevuta pembe ya khanga kuifunika. Utoto wangu wote nilimwona akiifunika. Nilidhani namwepusha mwanangu na aibu ile.

Ningependa kusema niliwaza treni tu. Sisi watu wa Kigoma ndivyo tulivyo: ukishafika Dar unamaliza yote, jino, miwani, viatu vya watoto, maana hujui utarudi lini. Lakini haikuwa treni peke yake. Niliionea haya pua ya mama yangu, na ninayo hiyohiyo.

Fomu ya upasuaji alisaini binti mwenyewe. Aliniangalia kwanza, nikaitikia kwa kichwa, akasaini. Kwa miaka kadhaa nilijificha nyuma ya saini ile. Ni mtu mzima, nilijiambia, nani alimshika mkono?

Stesheni ya Kigoma dada yangu alikuja kutupokea. "Yewe! Huyu umemtoa wapi? Nilikupa mtoto wa Kiha, umeniletea mtangazaji wa televisheni!"

Nikacheka kwa fahari. Binti naye alicheka, akaacha katikati, akafungua mdomo kuvuta hewa.

"Ni uvimbe tu," nikasema.

Uvimbe ukaisha. Ncha ilikuwa imeinuka kama daktari alivyosema, ikazivuta tundu, na zile zilizokwisha kukatwa zikabaki nyufa mbili nyembamba. Akivuta hewa kwa nguvu kidogo, pua inajifunga kwa ndani. Darasani akaanza kukata sentensi. Siku moja alitusimulia, akitabasamu, kwamba wanafunzi wake nao wameanza kusoma kwa sauti hivyohivyo, wanatua anapotua yeye, wakidhani ndivyo kusoma kulivyo. Mama yake alicheka. Mimi nilitoka nje.

Siku hizi siwezi kukaa. Akija kututembelea tunaandaa ugali na samaki, migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese. Anatafuna, anaacha, anafungua mdomo, anavuta pumzi, anatafuna tena. Mke wangu anaendelea na habari zake za majirani. Mimi nasimama, nasema naenda kutazama maji, nateremka ufukweni, nawakuta wanaoziba mitumbwi, nageuka kabla hawajamaliza kunisalimu. Narudi, nakaa, nawasha redio, naizima.

"Baba ana nini leo?" anamuuliza mama yake, nami nipo hapohapo.

Alikwenda tena Dar kuuliza kama tundu zinaweza kupanuliwa. Treni ileile, peke yake. Nilijua alipokwisha kurudi. Walimwambia wanaweza kuchukua ngozi kidogo sikioni wajaribu, bila ahadi. Alikataa. "Nimechoka kukatwa," alimwambia mama yake jikoni, nikiwa mlangoni.

Niliwahi kumwomba msamaha, na niliomba vibaya. Nilisema, "Sote tulikosea."

"Sote?" Hakupandisha sauti. "Baba, mimi nilisema tusubiri."

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nikamuuliza kama shule zimefungwa.

Alipopata mchumba, wazee wa upande wa kijana hawakuja Bangwe. Aliwaelekeza Ujiji, kwa mjomba wake. Mimi nilipata habari kwa mke wangu, posa imeshapokelewa na mambo yameshaiva. Nikampigia simu shemeji yangu huyo, nimewaka.

"Shemeji, mimi sikuyaomba haya," akasema. "Nilimuuliza, je, baba yako? Akasema, baba nitamwalika."

"Atanialika?"

"Ndivyo alivyosema. Sasa ulitaka nimfukuze?"

Nikaalikwa. Nilikaa kiti cha mbele, nikala pilau, nikapiga picha na wote. Wageni walinipongeza kwa kumlea vizuri, nikawashukuru. Alipokuja kuniamkia alipiga goti, akasema shikamoo, nikasema marahaba. Nilingoja aongeze neno. Alikuwa anavuta pumzi tu, kwa mdomo.

Uamuzi ule ulimgharimu mwanangu pumzi ya puani, nayo haitarudi. Mimi ulinigharimu yeye. Anakuja, ananiamkia kwa heshima, anakula, anaondoka, na hakuna jambo lake, kubwa wala dogo, analoniuliza tena.