Maana Ishirini na Mbili za "Get"

Vumbi la chaki lililolowa maji ya mvua lina harufu yake, na mpaka leo nikiinusa hasira hunipanda. Mwaka ule nilikuwa msichana wa sekondari hapa Goma, katika darasa lenye bati linalovuja na sakafu ya mawe meusi ya volkano. Vitabu hatukuwa navyo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alijaza ubao mzima kwa kitenzi kimoja tu, get: kupata, kufika, kuelewa, kushikwa na ugonjwa, kupanda gari, kushuka, kuondoka njiani. Maana ishirini na mbili, kila moja na namba yake. Tulizinakili, kisha tukazikariri kwa sauti kama watu wanaosali rozari. Ukiruka moja, unapiga magoti na kuanza upya. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sisi tulitafuna nta mwaka mzima na kuambiwa ni tamu.

Kavira, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa amelelewa Uganda na shangazi yake mfanyabiashara, na Kiingereza kilimtoka bila kufikiri. Namba ndizo zilizomshinda.

"Mwalimu, maana yote najua," alisema siku moja akiwa amepiga magoti. "Ni mufuatano njo inanikosa."

"Kama haufuate namba, haujue," mwalimu akamjibu. "Anza upya."

Wote tulijua baba yake Kavira alichokwisha kuapa: akirudia darasa, shule imekwisha, atakwenda kuuza vitenge sokoni Birere.

Asubuhi moja lori la saruji kutoka Uganda liliingia uani mwa shule kinyumenyume, pale penye mteremko. Dereva akapaza sauti dirishani kwa Kiingereza. Mwalimu, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, alitabasamu na kuitikia, "Yes, yes." Kavira akachomoka darasani mbio kuwaendea watoto wa shule ya msingi waliokuwa wakicheza nyuma ya lori. "Mutoke apo! Anasema freni zimekufa!" Wakatawanyika. Lori lisilo na breki likateremka na kubomoa ukuta wa vyoo, lakini hakuumia mtu. Mwalimu hakumshukuru hata kwa neno moja. Wiki iliyofuata, kwenye mtihani, Kavira aliruka namba tisa akapewa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo iliyomwangusha mwaka ule. Mimi, ambaye sikuambulia neno hata moja la dereva yule, nilipata alama ishirini juu ya ishirini. Nilipigiwa makofi, nikakaa kimya.

Leo nina diploma ya Kiingereza, na wanasema shule zimebadilika. Zimebadilika rangi za kuta. Kavira anauza vitenge Birere, na wasomi wenye vyeti kama changu humpa simu zao ili aongee na wauzaji wa Kampala kwa niaba yao. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya meza yake, nikamlaani yule mwalimu kwa uchungu wote niliokuwa nao. Akaendelea kukunja kitambaa chake mpaka nikamaliza.

"Kwa ule muzee, mwenye hafuate namba hajue," akasema. "Weye ulijua kama ninajua, dada, na ukanyamaza."