Kamera Iliyodhani Kilio ni Wizi

Kwetu Lubumbashi msiba ukiingia nyumbani, viti hutoka nje. Sebule huachwa tupu ili wanawake wakae chini na mfiwa, na wanaume wakae uani. Ndivyo tulivyofanya asubuhi ile kwa jirani yangu wa ua mmoja hapa mtaani Naviundu, mama muuza samaki. Kaka yake alikuwa amefia machimboni Kambove, na ndugu walikuwa wamefika kutoka Kasenga na mikeka yao.

Mwenye nyumba wetu anaishi Afrika Kusini. Alituwekea kamera uani, juu ya bomba la maji, akasema ni kwa usalama wetu. Nafundisha fizikia, kwa hiyo wapangaji wenzangu waliniuliza inavyofanya kazi. Niliwaeleza taratibu: haielewi kitu. Inalinganisha inachokiona na picha nyingi ilizofunzwa nazo, kisha inakisia na kumwandikia mwenye nyumba ujumbe kwenye simu yake.

Kochi la mwisho lilikuwa bado mlangoni simu ya mfiwa ilipoita. Mwenye nyumba alikuwa anafoka: watu wasiojulikana wanaiba vitu, polisi wako njiani, wageni wote watoke!

Mama yule akanipa simu. "Mwalimu, umuelezee. Bakifukuza bantu yangu, kaka yangu nitamulilia wapi?"

"Patron," nikamwambia mwenye nyumba, nimefungua spika ili wote wasikie, "iko kilio."

"Kilio? Machine inasema bwizi!"

"Na weye unasema nini? Kwenu bakifiwa, fotei na viti zinabakiaka mu nyumba?"

"Hapana. Lakini iliandika na rouge, nyekundu kabisa, Mwalimu."

Mjomba mmoja akacheka uani. "Basi shiye tutalia na bleu!"

Polisi wakarudishwa njiani, na mwenye nyumba akampa mama yule pole. Mimi sikutulia. Mashine kukosea, hilo nililitegemea. Lakini mtu huyu amekulia hapa, amebeba viti vya msiba tangu utotoni, na maandishi mekundu yalitosha kumsahaulisha.

Mama akachukua simu. "Patron, picha yangu nikilia, iko wapi?"

"Iko mu système, mama."

"Système iko wapi? Nani anaangalia?"

"Sijui, mama." Wote wakanigeukia, nami nikasema nilichokijua: huenda picha zimeshatoka uani, ziko kwenye kompyuta za watu tusiowafahamu. Huenda sura yake, na kochi lile nyuma yake, siku moja vitafunza mashine nyingine jinsi mwizi alivyo. Sina hakika, nikamwambia, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakata simu, akafungua kitenge chake cha juu, akapanda kwenye ukingo wa saruji unaozunguka bomba, akaifunika kamera na kukaza fundo. Simu ikaanza kuita tena: mwenye nyumba. Akaiacha juu ya ukingo, akaingia ndani, akakaa chini katikati ya wanawake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamlilia kaka yake kwa sauti yote.