Filta Ni ya Nani?

Alhamisi nilikuwa kwa fundi wa vyombo vya umeme mjini Embu, nikingoja pasi yangu, mume na mke waliposhusha mashine ya kuosha vyombo kutoka kwenye pikapu.

"Fundi, hii kitu imenishinda," mume akasema. "Sahani zinatoka na uchafu. Nataka kuiuza, mama arudie karai."

Fundi alifungua mlango wa mashine, akazungusha kitu chini na kutoa filta, ule wavu unaozuia makombo. Ilikuwa imejaa maganda ya mahindi na maharagwe ya githeri, yameshikana kama saruji.

"Mashine ni mzima. Hii mnasafishanga lini?"

"Kwani haijisafishi?"

"Inaosha vyombo, mzee. Yenyewe inaoshwa na mtu."

"Basi onyesha mama."

Fundi akamnyooshea mke filta. Mke akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya sweta.

"Mimi napika, napanga vyombo, nawasha," akasema polepole. "Onyesha yeye."

Filta ikabaki hewani. Na ingebaki hapo hadi Krismasi, kwa jinsi nilivyoiona ile mikono. Tusidanganyane. Mwanamume anayefungua kabureta ya pikipiki kando ya barabara na kuirudisha hawezi kushindwa na wavu na mswaki mkuukuu.

Mwishowe mume aliichukua, akapokea mswaki kwa fundi, akainama bombani, akaanza kusugua.

"Na jirani akinipata nikifanya hivi nyumbani?" akanong'ona.

"Mpatie mswaki," mke akajibu, "asugue ule upande mwingine."