Friji Iliyobebwa kwa Machela

Juzi nilikuwa Tangini, Kibaha, kwa mjukuu wangu, na friji yao ilikuwa imegoma. Akaja fundi na mkoba wake, akaisogeza kutoka ukutani, akagongagonga nyuma, akaongeza gesi, akanawa mikono. Chai aliyoandaliwa ilikuwa bado inatoa mvuke. Wote walifurahi, wakarudisha maziwa yao na samaki wao, maisha yakaendelea. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, mbona umenyamaza?" Nikamwambia nimechoka. Lakini wewe, msomaji wangu, nitakueleza, maana ni jambo ambalo sijapata kulisimulia lote mpaka mwisho.

Kwetu ni Kisarawe. Nilizaliwa na kukulia huko wakati wa Mwingereza, karibu na misheni, katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Baba alikuwa mpishi wa Bibi Muuguzi, mama wa Kizungu aliyeangalia zahanati ya misheni. Alipomaliza muda wake na kurudi Ulaya, aligawa vitu. Mwalimu wa shule alipewa baiskeli. Mzee wa kanisa alipewa kitanda cha chuma. Baba akapewa friji.

Usifikirie friji za leo. Umeme wenyewe hatukuujua. Ile ilikuwa kabati jeupe, zito kama jiwe la kusagia, lenye miguu mifupi, na chini yake kulikuwa na tangi la mafuta ya taa na utambi. Uliwasha moto chini, na juu ukapata barafu. Hakuna aliyeweza kutueleza kwa nini. Bibi yangu, mama yake mama, alikataa kula chochote kilichotoka humo. Alisema moto unaozaa baridi si moto wa kuaminika. Lakini majirani waliipenda. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, watoto wa mtaa wa pili walikuja na majagi na mitungi midogo, na mama akawapimia maji ya baridi kwa kata, huku akiwauliza nani leo amefunga kweli na nani amekula maembe kichakani. Sisi tulikuwa Walutheri, wao Waislamu, na hapakuwa na aliyeona ajabu.

Nikimkumbuka mama, namkumbuka kwanza kwa sauti. Alitwanga kisamvu huku akiimba, na mchi uliposhuka ndipo neno lilipokatika, hata leo nyimbo zile siwezi kuziimba moja kwa moja bila kukata. Alipenda bada, ugali wa muhogo, na dagaa wa nazi. Na alipenda kula. Nasema hivyo kwa sababu kooni ndiko ugonjwa ulikomshika.

Ulianza kama kukwaruza. Kisha ukaja uvimbe. Baba akampeleka Dar es Salaam, hospitali, wakakaa huko kwa muda, mimi nikabaki na bibi. Waliporudi, mama alishuka kwenye lori akitabasamu, na baba alikuwa amebeba mzigo wao huku akitazama chini. Hakuna aliyetuambia lolote sisi watoto. Lakini usiku ule bibi hakupika, na nikajua.

Kidogo kidogo chakula kikamshinda. Kwanza bada, halafu wali, halafu uji. Uji ulipomshinda, baba akajaribu kitu kimoja. Alipasua dafu, akamimina maji yake kwenye vikombe vidogo vya bati, akaviweka kwenye friji mpaka maji yakaganda. Kisha akaivunja barafu ile ndani ya kitambaa, akampa mama kipande kidogo kama punje ya hindi. Mama akakiweka ulimini, akafumba macho. Kikayeyuka chenyewe, kikashuka bila kumuumiza.

"Ongeza," alisema.

Toka siku hiyo, barafu ndiyo ikawa riziki yake. Asubuhi barafu ya dafu, jioni barafu ya dafu, na maziwa kidogo yaliyogandishwa pale jirani yetu alipokamua. Hata bibi aliacha kuisema vibaya friji. Nilimkuta siku moja anaipangusa mlango kwa upindo wa kanga yake.

Basi, ilikuwa miezi ya joto kali, kabla ya masika, friji ikafa.

Moto ulikuwa unawaka vizuri, wa buluu, kama kawaida. Lakini ndani palikuwa na vuguvugu. Baba alikata utambi, akasafisha bomba la moshi kwa manyoya ya kuku, akabadilisha mafuta. Alifungua mlango, akaingiza mkono, akaufunga. Baada ya muda akafungua tena. Nilimwona akisimama pale ameingiza mkono wote ndani, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa mapigo ya moyo.

Jirani yetu, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyeleta habari ya fundi. Alikuwa na shemeji yake kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha, aliyekuwa akitunza mashine za shamba na friji ya nyumba ya meneja. "Kuja hawezi," alisema, "hawamruhusu kutoka. Lakini ikifika kwake ataitazama." Barabara ya gari ilizunguka mpaka Dar es Salaam ndipo ikarudi kwa njia ya Morogoro, na lori la misheni lilikuwa bovu. Ilibaki njia ya miguu, ile ya kukata porini.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Bibi alikuwa mama mkwe wa baba. Kwa desturi yetu hawakuzungumza uso kwa uso. Likiwapo neno, lilipitia kwa mtu wa tatu. Siku ile baba alikuwa uani anakata kwa panga miti ya kutengenezea machela, na bibi alikuwa ndani karibu na kitanda cha mama, ukuta tu kati yao. Akaniita, akasema kwa sauti ambayo hata mtu wa barabarani angeisikia:

"Mwambie baba yako, mke wake yuko hapa. Hayuko ndani ya sanduku."

Nikatoka. Baba alikuwa ameshasikia, lakini alisubiri niseme. Nikasema.

"Mwambie bibi yako," akajibu bila kuinua kichwa, "sitachelewa."

Nikarudi ndani. Bibi akasema, "Mwambie, akichelewa je? Nani atamwambia mwanangu buriani, panga lake?"

Neno hilo sikulipeleka. Nilisimama mlangoni, nikalia. Baba akaacha kukata. Akaja mpaka dirishani, akamtazama mama kupitia fito za dirisha. Mama alikuwa macho.

"Unakwenda?" mama akamuuliza. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa pumzi tu.

"Ukisema nisiende, siendi."

Mama alimtazama. Kisha akageuza uso ukutani. Mimi niliyekuwa hapo sikujua, na mpaka leo sijui, kama ile ilikuwa ruhusa au majonzi.

Alfajiri waliondoka. Waliifunga friji kwa kamba za mkonge juu ya machela, kama anavyofungwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, wakaifunika shuka kuikinga na vumbi. Walikuwepo wanakwaya wawili wa kanisani, mwalimu wa madrasa na mdogo wake, mchoma mkaa wa ng'ambo ya bonde, na wengine ambao hawakuombwa, walikuja tu na ngata begani. Walipokezana njia nzima. Mwalimu wa madrasa alitusimulia baadaye kwamba vijiji walivyopita, watu walitoka nje, wanaume wakavua kofia, wanawake wakakaa chini kando ya njia. Walidhani ni maiti. Mwanzoni wabebaji walieleza: si maiti, ni friji. Watu hawakuelewa. Mwishowe waliacha kueleza, wakapokea pole, wakaendelea. Mwanamke mmoja, mwalimu alisema, aliwaletea maji na kuuliza aliyefariki ni nani. Baba akamjibu, "Bado." Hakuna aliyecheka.

Nyumbani siku zilikuwa ndefu. Tulimpa mama maji ya mtungini kwa kijiko, yakarudi. Bibi alichovya kitambaa, akamlowesha midomo. Nilipewa kazi ya kumpepea kwa ungo. Mchana ule wa kwanza mama aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia bada na kisamvu.

"Kisamvu kina nazi?"

"Kina nazi, mama."

"Nyingi?"

"Nyingi."

Akatabasamu, akasema, "Nieleze." Nikamweleza jinsi nazi ilivyokunwa, tui la kwanza, tui la pili, chumvi, harufu yake ilipochemka. Alinisikiliza kama mtu aliyeketi mekoni. Nilipoona anasinzia nilinyamaza, naye akafungua macho: "Endelea." Siku hizo nilimpikia mama kwa mdomo kila chakula nilichokijua. Bibi alinisahihisha pale nilipokosea.

Kule Kibaha, fundi aliitazama friji, akainusa, akatikisa kichwa. Alisema ndani ya mabomba yake kuna dawa inayozunguka, na sasa imeganda mahali. Akawaambia waipindue kichwa chini, miguu juu, waiache hivyo mpaka kesho. Baba akauliza kama itapona.

"Labda," fundi alisema. "Nimeona zilizopona. Nimeona pia zilizokataa. Mimi si Mungu, ndugu yangu."

Wakalala kwenye kambi ya wakata mkonge, friji imesimama kwa kichwa katikati yao. Kesho yake wakaigeuza. Fundi akawakataza kuiwasha pale. Alisema safari itaivuruga, wakaiwashe nyumbani ikishatulia. Kwa hiyo walibeba mzigo ule kurudi bila kujua kama wanabeba kitu kizima au kibovu.

Nilikuwa wa kwanza kuwasikia. Sikuwaona, niliwasikia wakihema kupanda mlima. Baba aliacha machela mikononi mwa wenzake akaja mbio, na safari hii hakusimama uani. Aliingia ndani moja kwa moja, bibi akiwemo, desturi akaisahau. Mama alikuwa hai. Baba akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi alijifunika kanga usoni, akampisha.

Tuliisubiri itulie. Kisha baba akawasha utambi. Watu walijaa uani, wamekaa kama wako kanisani, na mwalimu wa madrasa alikuwa na tasbihi yake mkononi. Hakuna kilichotokea. Jua likageuka. Baba akafungua mlango, akaingiza mkono. Akautoa, akamshika mwanakwaya mmoja shavuni kwa kiganja, na yule mtu akapiga kelele: "Baridi!"

Kesho yake mama alipewa kipande cha kwanza. Alikiacha kiyeyuke, akamwita baba kwa kidole, akamnong'oneza kitu sikioni. Baba akatikisa kichwa kukubali. Sikusikia.

Mama aliishi mpaka masika yalipoanza. Siku zile chache, wageni waliokuja kumjulia hali walikuta ana nguvu ya kuwatania. Alifariki asubuhi moja mvua ikinyesha, tumezunguka kitanda wote, na mkono wake ulikuwa mkononi mwa bibi. Wale wale waliobeba friji wakambeba. Baba alizima moto wa friji siku hiyohiyo. Baada ya arobaini aliipeleka zahanati, itunze dawa, na hakutaka kulipwa.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mama wa watoto, nilimuuliza baba kama alijuta kuondoka siku zile. Alikuwa mzee, anamenya chungwa kwa kisu, ganda moja refu lisilokatika.

"Bibi yako alisema kweli," akanijibu. "Nilikimbia. Nilishindwa kukaa pale nimtazame akiwa na kiu. Mama yako alijua." Akamenya kidogo. "Siku ile aliponinong'oneza, aliniambia, sasa usiende tena popote. Sikwenda."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza kule Tangini, huku watoto wakifungua na kufunga mlango wa friji kwa furaha. Njia ile ya porini haipo. Pamepimwa viwanja, pana kuta na mageti, na ukitaka kutoka Kisarawe kwenda Kibaha unapanda gari. Wabebaji wote wamekwisha, na baadhi yao sikupata hata kujua wamezikwa wapi. Silaumu wakati, umetuletea mengi mema, na mama yangu leo pengine angepona. Ila nikiona mtu anahangaika peke yake na mzigo mlangoni kwake, geti limefungwa, majirani wako ndani, huwa natega sikio kidogo bila kutaka, nisikie kama kuna watu wanaohema wakipanda mlima.