Mbwa Aliyeitwa Wivu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akijalidi vitabu vyake vya shule kwa karatasi ya kaki. Gundi ilikuwa imekwisha, basi nikamkorogea uji mzito wa unga wa muhogo, kama tulivyofanya zamani. Harufu ya uji ule juu ya kaki ilinirudisha kijijini kwetu Masinya, mpakani, miaka ya sitini, na wivu ukanishika upya, mimi bibi mzima mwenye wajukuu. Nitawasimulia, ila msinicheke sana.

Kitabu kilichonitesa kilinukia hivyo hivyo. Kilikuwa cha hadithi za wanyama, nacho kilikuwa kimoja tu darasani. Shule yetu ilikuwa ng'ambo, upande wa Kenya. Kila asubuhi tulivuka mpaka miguu mitupu na hakuna aliyetuuliza kitu. Ijumaa Mwalimu Ouma alisoma hadithi moja kwa sauti, kisha akauliza maswali. Aliyejibu vizuri kuliko wote aliondoka na kitabu mpaka Jumatatu.

Nilikitaka kitabu kile kuliko gauni la Krismasi. Nilijiona nimeketi uani nikimsomea Mama, naye ameacha kazi zote ananisikiliza. Lakini wiki tatu mfululizo alikichukua Nafula.

Nafula alikuwa binti wa mdogo wake Mama. Alikulia Kisumu, ambako baba yake alifanya kazi kwenye reli, na Kiswahili chake kilinyooka kama reli yenyewe. Mama yake alipofariki aliletwa kwetu. Akapewa nusu ya mkeka wangu, nusu ya blanketi langu, na kwa hesabu yangu, zaidi ya nusu ya mama yangu. Husemwa kwamba hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele! Kwa vile Nafula hakujua vizuri Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, Mama alisema naye Kiswahili chake cha kuuzia mtama sokoni, na alikisema akitabasamu, kama alivyowatabasamia wateja. Mimi nilisemeshwa Kisamia: lete kuni, chota maji, funga mbuzi.

Kwa hiyo kitabu kililala nyumbani kwetu wiki tatu, mkobani mwa mwingine. Nilikataa hata kukigusa.

Jumamosi ile ya tatu Mama alikuwa uani akipepeta mtama.

"Njoo nasoma, mtoto yangu," akamwambia Nafula. "Leo ni hadithi ya nani?"

"Ya mbwa, Mama."

Mama! Alipaswa kusema mama mkubwa. Nikaenda nyuma ya ghala, nikatia vidole masikioni. Kutoka huko niliwaona tu. Nilimwona Mama akisimamisha ungo na kuuliza jambo. Nafula akamweleza, mikono ikienda huku na huku, Mama akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akampangusa makapi kichwani, polepole, bila haraka ya mtu mwenye mtama wa kupepeta. Sikusikia hata neno moja. Vidole vyangu vilifanya kazi yao vizuri.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Ouma alifungua kitabu, akasoma hadithi ile ile ya mbwa. Mbwa alibeba nyama, akapita juu ya gogo lililolazwa mtoni. "Akatazama majini," Mwalimu akasoma, "akaona wivu. Akasema, mwenzangu ana nyama kubwa kuliko yangu!" Akafungua mdomo amnyang'anye mwenzake, na nyama yake ikachukuliwa na maji.

"Haya. Mbwa aliona nini majini?"

Hilo nililijua! Nikasimama kabla ya Nafula.

"Aliona Wivu, Mwalimu."

"Wivu?" Mwalimu akashusha kitabu. "Wivu ni nani?"

"Ni mbwa ya jirani, Mwalimu. Ile iko na nyama kubwa."

Msinilaumu. Kwetu mtu aliyegombana na jirani humpa mbwa wake jina la kumsema. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa na mbwa aitwaye Watasema, na mwingine aliitwa Mtachoka. Kwa nini asiwepo mmoja wa kuitwa Wivu? Darasa liliangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alijifuta macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na uso mweupe.

"Nafula, msaidie ndugu yako."

"Aliona kivuli chake, Mwalimu. Wivu ni ule uchungu wa moyoni, mtu akiona mwenzake amepata."

Akachukua kitabu mara ya nne, nami nikapata jina. Tangu siku hiyo nikaitwa Wivu pande zote mbili za mpaka. Njiani kurudi Nafula aliniuliza kwa upole, "Mbona Jumamosi nilimweleza Mama neno hilo? Ulikuwa wapi?" Nikaongeza mwendo, nikamwacha nyuma. Ningesemaje?

Baada ya miaka miwili baba yake alikuja kumchukua. Nilifurahi, siwafichi. Mama alilia, na hata yale machozi niliyaonea wivu.

Tulipomzika Mama, Nafula alikuja kutoka Kisumu, ana mvi kama mimi. Tulilala mkeka mmoja tena.

"Wivu," akaniita, "unajua kwa nini nilikuwa nasoma kile kitabu mpaka macho yananiuma?"

"Ili unishinde."

"Ili aniite nikae karibu naye. Wewe hukuhitaji kusoma kitu, alikuwa anakuita tu. Mimi ndiye niliyekuonea wivu, dada. Kitabu nilikirudisha kila Jumatatu. Na Mama pia, mwishowe nilimrudisha."

Nilimvutia blanketi upande wake.

Kiswahili cha wateja Mama alimpa mgeni, ili asijione mgeni. Mimi alinisemesha kwa lugha aliyozaliwa nayo, kila siku, mpaka nikachoka kuisikia: lete kuni, chota maji, funga mbuzi. Hiyo ndiyo nyama niliyokuwa nayo mdomoni, nami macho yangu yalikuwa majini.