Jike la Kumi na Moja

Saa mbili asubuhi, siku mbili kabla ya Nairuzi, Nekbakht anahesabu kwa mara ya nne. Kokoto kumi na moja. Mafungu kumi ya mayai.

Amechuchumaa kando ya mto, mjini Pul-e Khumri, kisu mapajani, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Maji ya theluji yameanza kuteremka na mto umegeuka rangi ya udongo. Mumewe, Rahmqul, yumo majini hadi kiunoni, kimia begani.

"Labda umekihesabu kidole chako kuwa jike," anatania Rahmqul.

"Kidole changu hakitagi!" Nekbakht hacheki.

Samaki hawa ni shirmahi, na wiki hii kila mwenye mchumba anawataka. Familia ya kijana huwapelekea wakwe samaki wa kukaanga na jelebi za shira kabla ya mwaka mpya. Tatizo ni kwamba majira haya majike wamejaa mayai, na mayai ya shirmahi ni sumu. Hutapisha mtu mpaka anaishiwa nguvu.

Kuyatoa, na kukwangua ule utando mweusi wa tumboni mpaka nyama ibaki nyeupe, ndiyo kazi ya Nekbakht, mwenye umri wa miaka 52. Ameifanya kwa misimu kumi na tisa. Hulipwa afghani 30 kwa kila samaki anayemsafisha na kumkaanga, na kwa majuma mawili hupitisha samaki kama 200. Unga wa nyumba yake mpaka wakati wa mavuno hutoka humo.

Kila akipasua jike huweka kokoto moja chini, na mayai yake ubaoni. Samaki hatoki hapo mpaka hesabu zilingane.

Leo wanne wametoka kabla. Mahtab, mama wa bwana harusi mtarajiwa, alimsimamia kichwani tangu alfajiri. "Fanya haraka, dada, wakwe wananisubiri, watasema tumelala!" Nekbakht akampa.

Sasa anawapasua tena wote waliobaki, mmoja mmoja. Wote ni weupe ndani. Basi aliyebaki na mayai yuko kwenye sinia la Mahtab.

"Nimekwisha," anasema, na anasimama na kisu mkononi bila kujua anakwenda nacho wapi.

Bajaji ya kumvusha daraja inamgharimu afghani 50. Njia nzima hatulii kitini. Anamwambia dereva aongeze mwendo, kisha anamwambia apunguze, ataua mtu. "Mama, chagua moja," anasema dereva.

Ukumbi wa wakwe umejaa wanawake na vicheko. Sinia liko katikati, samaki wamepambwa kwa karatasi za dhahabu. Bibi wa bibi harusi, mzee mdogo wa mwili anayeitwa Bibi Oyim, ameshakunja mikono ya gauni tayari kula.

Mahtab anamfuata mlangoni. Nekbakht anamnong'oneza. Uso wa Mahtab unabadilika.

"Nyamaza! Unataka kunitia aibu mbele ya wakwe? Subiri, nitawaondoa kiujanja."

"Kiujanja saa ngapi? Bibi ameshanyoosha mkono!"

Hasubiri jibu. Anapiga magoti penye sinia, anang'oa karatasi ya dhahabu na kumpasua samaki wa kwanza kwa vidole. Mweupe. Wa pili, mweupe. Wa tatu, mweupe. Nyuma yake mtu anauliza kama huyu mama ana akili timamu. Anaona haya mpaka masikio yanawaka moto. Anatamani wa nne naye awe mweupe, hata wamcheke mpaka mwakani.

Anampasua wa nne. Mayai yamo, manjano, yameshikana kwa mafuta.

Mahtab ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Nani alimsafisha huyu?" anauliza Bibi Oyim.

"Ni mimi, mama. Kosa langu. Nyumba ya kijana haina hatia."

Mzee anamsogezea birika. "Kaa unywe chai, mwanangu. Sumu hatujala sisi, lakini wewe ndiye unayetaka kuzimia." Kisha anamgeukia Mahtab: "Na wewe mkwe, kaa. Jelebi hazina tumbo."

Wanawake wanaangua kicheko. Nekbakht anainywa ile chai akiwa amesimama, kwa sababu mtoni kuna samaki wengine na familia tano zinangoja.

Saa sita mchana ameshachuchumaa tena. Anapanga msimu ujao kununua sufuria yenye kifuniko cha kufuli: samaki wataingia humo, na ufunguo utakaa shingoni mwake mpaka amalize kuhesabu. "Hata bibi harusi mwenyewe aje analia, hapati."

Akiulizwa Nairuzi yeye ataisherehekea vipi, kwanza anaweka kokoto chini. Katika miaka kumi na tisa, anasema, hajawahi kula samaki siku hiyo. Hukaa karibu na lango toka asubuhi, akisikiliza kama kuna mtu anakuja mbio.

"Mimi sikukuu yangu huwa kesho yake," anasema, "jua likitoka na hakuna aliyegonga."